Mafuta ya Wagonjwa: Historia ya Sakramenti Iliyoogopwa





Baba Paroko aliponiagiza kupita katika mashirika yote ili kuandika majina ya wagonjwa watakaopakwa mafuta matakatifu katika Misa ya siku ya kwanza ya Yubile, nilifikiri kazi hiyo itakuwa nyepesi. Nilichukua daftari na kalamu, nikaanza na nyumba zilizo karibu na kanisa. Katika nyumba ya tatu nilimkuta mzee mmoja, ambaye miguu yake imevimba tangu miezi mingi na ambaye hakosi kusali Rozari kila jioni. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akanijibu: « Mwalimu, nakushukuru. Lakini mimi sijafa bado. » Bibi yake, aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, aliitika kwa kichwa. Jioni nilirudi na majina manne tu, na mawili kati ya hayo yalikuwa ya watu ambao hawakuwa na sauti tena ya kukataa.

Nimeandika kurasa hizi kwa ajili ya mzee huyo, na kwa ajili yetu sote tunaowaza kama yeye pasipo kusema. Wengi hudhani kwamba hofu ya mafuta ya wagonjwa ni mabaki ya mila za mababu, ambayo mafundisho ya dini hayajaweza kuyang'oa. Sivyo. Mababu zetu hawakuyajua mafuta hayo; wangewezaje kuyaogopa? Hofu hiyo tulipokea pamoja na katekismu, na wale waliotufundisha walikuwa wameirithi kwa wakristu wa Ulaya, waliokuwa nayo tangu karne nyingi. Ni jambo lenye historia yake, nayo yafaa isimuliwe.

Injili ya Marko (6,13) yatuarifu kwamba Mitume, walipotumwa wawili wawili, waliwapaka mafuta wagonjwa wengi na kuwaponya. Katika nchi zile mafuta ya mzeituni yalikuwa dawa ya kila siku. Msamaria yule wa mfano wa Bwana alimimina mafuta na divai juu ya vidonda vya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi. Basi Mitume hawakubuni kitu kigeni. Walichukua dawa iliyokuwamo katika kila nyumba, wakaitumia kwa jina la Yezu. Naye Mtakatifu Yakobo katika barua yake (5,14-15) anaagiza kwamba mkristu akiugua awaite wazee wa Eklezya, nao wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Anaahidi kwamba sala ya imani itamwokoa mgonjwa, kwamba Bwana atamwinua, na kwamba akiwa na dhambi ataondolewa. Tuangalie vizuri: mwenye kuita ni mgonjwa mwenyewe. Ana akili zake, ana sauti yake. Wala Yakobo hasemi neno lolote juu ya kukata roho.

Kwa muda mrefu Eklezya ilishika desturi hiyo kwa namna ambayo ingewashangaza wakristu wengi wa leo. Kitabu cha sala kinachohusishwa na Serapioni, askofu wa Thmuis katika Misri katika karne ya 4, kina sala ya kubariki mafuta, au mkate, au maji kwa ajili ya wagonjwa, ili homa na pepo wabaya vifukuzwe. Mwaka 416 Decentius, askofu wa Gubbio katika Italia, alimwandikia Papa Inosenti wa Kwanza kumwuliza mambo kadha wa kadha ya ibada, na mojawapo lilikuwa hili la mafuta. Papa alimjibu kwamba askofu ndiye anayeyatengeneza na kuyabariki. Lakini yakisha kubarikiwa, si mapadri peke yao, bali wakristu wote waweza kuyatumia kwa shida zao wenyewe na za watu wa nyumbani mwao. Fikirini jambo hilo! Mama wa nyumba aliyachukua kanisani katika kichupa, akampaka mtoto wake mwenye homa. Papa aliongeza neno moja dogo: wale walio bado katika kitubio cha hadhara wasipewe, kwa kuwa mafuta hayo ni ya jamii ya sakramenti. Neno hilo tulikumbuke, maana baadaye lilikuja kuwa mlango wa mambo makubwa.

Kabla ya kufika huko, ningependa tumsikilize kidogo Mtakatifu Sesari, aliyekuwa askofu wa Arles, kusini mwa nchi iitwayo leo Ufaransa, tangu mwaka 502 hata 542. Huyu alikuwa mhubiri wa watu wa kawaida, na katika hotuba zake naona waziwazi vijiji vyetu. Aliwakaripia wakristu wake kwa sababu mtoto akiugua, mama zao walikimbilia kwa waaguzi, kwenye chemchemi na miti, na kumfunga mtoto hirizi shingoni. Kwa nini, aliwauliza, msikimbilie kanisani, mkapokea Mwili na Damu ya Kristu, mkajipaka mafuta yaliyobarikiwa, ninyi na watu wenu? Sesari hakuwaambia kwamba ugonjwa si kitu, wala kwamba mkristu mwema huvumilia tu. Aliona watu wanatafuta uzima, akawaonyesha mahali pa kuutafuta. Kwake mafuta yalikuwa jibu kwa mganga wa hirizi. Hayakuwa tangazo la kilio.

Ilikuwaje basi mafuta ya uzima yakawa mafuta ya kifo?

Wataalamu wengi wa historia ya liturjia hutueleza kwamba sababu kubwa haimo katika mafuta yenyewe, bali katika kitubio. Katika karne zile za kwanza aliyetenda dhambi kubwa alipokea kitubio cha hadhara mara moja tu katika maisha yake, nacho kilikuwa kizigo kizito mno. Hata baada ya kupatanishwa, katika nchi nyingi za magharibi mtu huyo alikatazwa kuishi tena na mke wake kama mume, na kazi fulani hakuweza tena kuzifanya mpaka mwisho wa siku zake. Nani basi, akiwa na umri wa miaka thelathini na mke kijana nyumbani, angeomba kitubio cha namna hiyo? Watu walingoja. Walikiomba walipokuwa wamelala kitandani pa kufa, wakati masharti hayo yalikuwa hayawezi tena kuwaumiza. Na kwa kuwa, kwa neno lile la Papa Inosenti, mtu asiyepatanishwa hakupewa mafuta, basi mafuta nayo yakangoja pamoja na kitubio. Hakuna mtaguso uliokaa na kuamua kwamba mafuta yawe ya wanaokufa. Yalisogea polepole, nyuma ya maungamo, mpaka yakafika ukingoni pa kaburi.

Katika karne ya 9, maaskofu wa milki ya Karolo Mkuu na wana wake walipotaka kutengeneza maisha ya mapadri, waliagiza kwamba mapadri wawe na mafuta ya wagonjwa na wenyewe wawapake watu wao. Agizo hilo lilikuwa jema, maana mapadri wengi walikuwa wazembe, na tena watu walikuwa wameanza kuyatumia mafuta kwa uchawi. Lakini kuanzia hapo mama wa nyumba aliondolewa, na ibada ikaandikwa vitabuni karibu na ibada za kuaga dunia. Baadaye mpangilio wenyewe ukabadilika: zamani mgonjwa alipakwa kwanza, na Komunyo ya safari, iitwayo Viatiko, ndiyo iliyokuwa ya mwisho, sasa mpako ukawekwa nyuma ya yote. Katika karne ya 12, siku za mwalimu Petro Lombardo aliyekufa mwaka 1160, jina la Kilatini likawa limeenea: extrema unctio, yaani mpako wa mwisho. Na jina, ndugu zangu, lina nguvu. Kilatini kidogo nilichojifunza katika seminari ndogo chanitosha kujua kwamba infirmus ni mtu asiye na nguvu, wala si mtu anayekufa. Lakini nani alikumbuka neno hilo mbele ya lile la « mwisho »?

Waamini wakafanya hesabu yao wenyewe. Katika Uingereza ya karne ya 13, watu waliamini kwamba mgonjwa aliyepakwa mafuta kisha akapona si mtu kamili tena: asikanyage ardhi kwa miguu mitupu, asile nyama, asilale na mke wake. Maaskofu katika sinodi zao ilibidi wakataze imani hizo. Niliposoma habari hizo nilicheka, halafu nikaacha kucheka, maana nilikumbuka mzee wangu mwenye miguu iliyovimba.

Mtaguso wa Florensi mwaka 1439 ulisema kwamba sakramenti hii asipewe ila mgonjwa ambaye kufa kwake kunahofiwa. Mwaka 1520 Luther alikataa kuiita sakramenti, na katika hoja zake aliuliza pia kwa nini wanapakwa wanaokufa tu, ikiwa Yakobo amesema juu ya wagonjwa kwa jumla. Eklezya haikukubali mafundisho yake, lakini swali hilo lilikuwa la kweli, na Mababa wa Trento walilisikia. Walipokutana mwaka 1551 waliletewa maandishi ya kwanza yaliyosema kwamba mpako ni kwa wale tu wanaopigana na kifo. Wakajadiliana. Katika maandishi ya mwisho, ya tarehe 25 Novemba, « tu » imeondolewa na mahali pake pamewekwa « hasa »: wapakwe wagonjwa, na hasa walio katika hatari ya kufa. Tena walikiri kwamba mgonjwa mara nyingine hupata hata afya ya mwili, ikiwa yafaa kwa wokovu wake. Kwa neno moja mlango ulibaki wazi, ijapokuwa kwa miaka mia nne na zaidi wachache waliupita.

Hali hiyo ndiyo iliyovuka bahari na kufika kwetu. Mapadri Weupe walifungua misioni ya Mulweba, kwenye pwani ya magharibi ya ziwa Tanganyika, mwaka 1880. Mwaka 1885 walishika Mpala, na mwaka 1893 wakaanzisha Baudouinville, yaani Kirungu ya Moba. Tusiwadhanie kwamba hawakujali miili ya watu. Kardinali Lavigerie alikuwa amepeleka vijana Waafrika waliokombolewa utumwani wasomee uganga huko Malta, ili warudi barani wakiwa madaktari na makatekista pamoja. Anayejulikana kuliko wote ni Adrien Atiman, aliyezaliwa upande wa Mali ya leo, akatekwa angali mtoto, akakombolewa, akasoma, kisha akatumika Karema, ng'ambo ya pili ya ziwa letu, kwa zaidi ya miaka 60 mpaka alipokufa mwaka 1956. Sisi makatekista tungepaswa kumkumbuka mara nyingi zaidi. Kwa mkono mmoja alitoa dawa, kwa mwingine alifundisha dini, wala hakuona kwamba mikono hiyo inapingana.

Lakini hata Atiman hakuweza kupaka mafuta matakatifu. Sakramenti hii huondoa dhambi, na kwa hiyo ni padri peke yake, au askofu, awezaye kuitoa. Roma ilirudia fundisho hilo tarehe 11 Februari 2005, nami silipingi. Nataka tu mwelewe lilileta nini katika vijiji vyetu vya zamani. Ugonjwa wa malale ulipofagia pwani za ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, katekista wa kijiji aliweza kusali, aliweza kuosha vidonda, aliweza hata kumbatiza anayekufa. Kumpaka hakuweza. Padri alikaa mbali, mwendo wa siku nzima au siku mbili kwa miguu. Nani angethubutu kumtembeza Padri siku mbili kwa ajili ya homa? Alitumiwa mjumbe pale tu ndugu walipokwisha kukata tamaa. Tena sheria ya Eklezya ya mwaka 1917 ilisema wazi kwamba apakwe aliye katika hatari ya kufa kwa ugonjwa au uzee. Basi watoto wa kijiji waliona nini? Waliona Padri anafika na kichupa chake, mlango unafungwa, na kesho yake au keshokutwa ngoma ya msiba inalia. Watoto hao ndio wazee wetu. Walifundishwa kwa macho yao.

Nayo mafuta yalikuwa ya mzeituni peke yake, mti usiokua katika vilima vyetu. Hata Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo ya nyakati hizi, aliyepadirishwa Baudouinville tarehe 21 Julai 1917, aliwapaka ndugu zake mafuta ya nchi za mbali.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulisema kwamba « mpako wa mwisho » wafaa zaidi kuitwa Mpako wa Wagonjwa, na kwamba wakati wake umekwisha kufika pale mkristu anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee. Papa Paulo wa Sita alikamilisha kazi hiyo kwa hati yake ya tarehe 30 Novemba 1972. Zamani Padri alipaka macho, masikio, pua, midomo, mikono na miguu, akiomba msamaha wa dhambi za kila kiungo. Sasa hupaka paji la uso na mikono, na maneno anayosema yanaomba neema ya Roho Mtakatifu, wokovu, na kuinuliwa kwa mgonjwa. Neno la Yakobo limerudi. Atakayepasuliwa hospitali kwa ugonjwa mkubwa aweza kupakwa kabla. Mzee aliyeishiwa nguvu aweza kupakwa hata bila ugonjwa mkali. Aliyepona akaugua tena aweza kupakwa tena. Na Papa akaruhusu, pale ambapo mafuta ya mzeituni hayapatikani au yapatikana kwa shida, yatumike mafuta mengine yatokayo katika mimea. Msomaji aliyezaliwa chini ya michikichi aelewe uzito wa neno hilo: mawese yetu, tunayopikia sombe na kupaka ngozi za watoto wachanga, yaweza kubarikiwa na askofu Alhamisi Kuu yakawa sakramenti. Dawa ya nyumbani imechukuliwa tena kwa jina la Yezu, kama siku za Mitume.

Juu ya maombi ya uponyaji yanayofanyika leo pande zote nitasema machache, kwa sababu Mapadri wetu wameyafundisha vizuri kuliko mimi. Eklezya haikatazi kumwomba Mungu afya. Mwongozo uliotoka Roma tarehe 14 Septemba 2000 wasema ni haki ya kila mwamini, ila wataka askofu asimamie, na kusiwepo fujo, michezo ya kuigiza wala kusisimua watu. Wakristu wetu wengine hukesha katika vyumba vya maombi, ambako huambiwa jina la shangazi aliyewaloga, nao hurudi nyumbani na ugonjwa uleule pamoja na uadui mpya. Siwacheki. Wanatafuta kile walichokitafuta watu wa Arles. Lakini najiuliza wangekwenda huko wangapi, kama tungewaonyesha mapema kwamba kuna mafuta kanisani.

Wala sisemi kwamba mafuta hushindana na daktari. Wakati wa Ebola ya Beni na Butembo, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kwisha tarehe 25 Juni 2020, na kuua watu zaidi ya 2200, kugusa kwenyewe kulikuwa hatari. Sheria ya Eklezya ya mwaka 1983 yataka Padri apake kwa mkono wake mwenyewe, lakini yamruhusu kutumia kifaa ikiwa kuna sababu nzito. Anayesema kwamba mwenye imani hahitaji glavu hajasoma sheria hiyo.

Sasa niseme lililonisukuma zaidi. Miaka michache iliyopita mama mmoja wa shirika letu aliugua. Alikuwa akiongea vizuri, akiuliza habari za kwaya. Nilitaka kumwita Padri. Mwanawe mkubwa akanivuta kando nyuma ya nyumba, akaniambia: « Mwalimu, tafadhali, usimtie mama hofu. Akimwona Padri atajua tumemkatia tamaa. » Mimi niliyajua yote niliyoandika hapa, au karibu yote. Nikakubali. Nilingoja siku nne. Padri alipofika, mama alikuwa hasikii tena. Alipakwa, na ninaamini kwamba Bwana alimpokea. Lakini yeye mwenyewe hakuitika « Amina », hakuuliza neno, hakuuona mkono wa Padri juu ya paji la uso wake. Sakramenti ya mgonjwa niliigeuza kuwa ya maiti, mimi katekista, kwa kumwonea aibu kijana wake. Mama huyo hakuwa na hofu yoyote. Hofu ilikuwa yetu.

Juma lililopita nilirudi kwa yule mzee, nikamsomea kurasa hizi zikiwa bado katika daftari. Alisikiliza habari za Trento akiwa amefumba macho, nikafikiri amelala. Nilipofika pale « tu » ilipobadilishwa kuwa « hasa », akasema: « Rudia hapo. » Nikarudia. Akanyamaza kwa muda, halafu akaniuliza kama Padri aweza kumpaka mtu aliyeketi, kwa sababu yeye hataki kulazwa mbele ya watu. Nikamjibu kwamba aweza. Jina lake sasa limo katika orodha, pamoja na mengine kumi na moja, na bibi yake ameomba tumwekee kiti chenye mgongo, karibu na mlango wa upande wa sakristia, ambako hakuna ngazi.